Uzi: Nyigu wa upenuni, nasaba yao, na namna walivyoanza kuishi kijamii

#1 Mkaa Barazani (Mji wa Kale)

Assalaam aleikum wanajukwaa. Nyuma ya nyumba yetu hapa Mji wa Kale kuna upenu wa boriti za mikoko ambao haujaguswa kwa muda mrefu, na kwa kuwa hakuna anayewasumbua, wadudu wameufanya mtaa wao. Mwezi huu nimehesabu makazi ya aina tatu katika nafasi isiyozidi hatua nne. Ukutani kuna bonge la udongo uliokauka, lenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, na aliyelijenga ni mdudu mweusi mwenye kiuno chembamba cha manjano. Pembeni mwa dirisha kuna vyungu vidogo vyenye shingo, vilivyofinyangwa kwa ustadi wa kumtia mfinyanzi haya. Juu kabisa, chini ya boriti, kinaning'inia kiota cha karatasi ya kijivu kilichoshikwa na kikonyo kimoja tu, na juu yake wamekaa majike saba warefu ambao wakiruka huiachia miguu ya nyuma ining'inie.

Mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha nne, alipoviona akanieleza kwa uhakika wa ujana kwamba hiyo ni ngazi: wa bonge la udongo ndiye babu, wa chungu ndiye baba, na wa karatasi ndiye mwana aliyestaarabika akaanza kuishi na wenzake. Nilimwambia kwamba ameona jambo la kweli lakini amelipanga vibaya, kisha nikatambua kwamba maelezo yangu yangehitaji zaidi ya kikombe kimoja cha kahawa. Ninachotaka kukionyesha hapa ni kwamba huwezi kusema nyigu walianzaje kuishi kijamii mpaka uwe umejua nani ni ndugu wa nani, na kwamba jibu la suala hilo la undugu limebadilika mikononi mwa wataalamu ndani ya umri wangu mimi.

#2 Mkaa Barazani

Nianze na jina. Katika Kiswahili cha kila siku, nyigu ni mdudu mwenye mabawa manne, kiuno chembamba na mwiba, ambaye si nyuki. Hayo maneno "ambaye si nyuki" ndiyo yanayotupoteza. Nyuki, nyigu, siafu na sisimizi wote wamo katika oda moja, Hymenoptera, yenye zaidi ya spishi 150,000 zilizokwisha kupewa majina. Ndani ya oda hiyo kuna kundi la wenye mwiba, na mwiba wenyewe asili yake ni mrija wa kutagia mayai uliogeuka kuwa silaha, ndiyo maana dume hawezi kukudunga hata akikasirika vipi. Ukiuchora mti wa nasaba wa kundi hilo kwa kufuata vinasaba, unakuta kwamba nyuki wamechipuka katikati ya tawi la nyigu wapweke, tawi ambalo yule mweusi wa ukutani kwangu, Sceliphron, ni mmoja wao. Nyuki, kwa maneno mengine, ni nyigu walioacha nyama wakashika chavua. Siafu na sisimizi nao wamo humo humo, na tawi lao liko karibu zaidi na hilo la nyuki na Sceliphron kuliko lilivyo karibu na nyigu wa karatasi.

Kwa hiyo mjenzi wa bonge la udongo ni ndugu wa nyuki wa asali kabla hajawa ndugu wa jirani yake wa karatasi, aliye dhiraa moja tu juu yake. "Nyigu" si jina la ukoo hata kidogo. Ni jina la waliobaki baada ya kuwatoa nyuki, siafu na sisimizi, kama vile mtu angewaita watu wa Mombasa "wasio mabaharia" akadhani kwamba ametaja kabila. Mpwa wangu basi amekwisha kumpoteza babu.

Wawili waliosalia, wa chungu na wa karatasi, ni wa familia moja kweli, Vespidae, ambayo ina spishi kama 5,000 duniani, na nyingi kati ya hizo ni za wapweke. Wengi wa familia hii utawatambua kwa alama mbili: jicho lina pengo kwa ndani, likawa na umbo la haragwe, na mabawa ya mbele hukunjwa kwa urefu mdudu anapotua, hata yakaonekana membamba kama ukuti. Sceliphron hayakunji.

#3 Fundi wa Makuti (Mtwapa)

Shikamoo mzee. Mimi nimeezeka makuti kwa miaka ishirini na moja, na nimedungwa mara nyingi kuliko nilivyolipwa vizuri. Naomba kuleta niliyoyaona, kwa sababu vitabu sina. Kwanza, nyuki akikudunga huacha mwiba wake na kufa, lakini huyu wa karatasi hukudunga, akazunguka, akarudi tena. Pili, katika paa la makuti sisimizi hupita kila mahali, hata ndani ya kikapu changu cha chakula, lakini kile kikonyo cha kiota sijapata kuwaona wakikipanda. Kikonyo huwa cheusi na kinang'aa kama kilichopakwa lami. Tatu, nikikuta kiota kichanga, huwa kina jike mmoja, au wawili watatu wanaosukumana na kupandana kichwani, na sijawahi kumwona malkia mnene kama wa nyuki au wa mchwa. Je, malkia wao ni yupi?

#4 Mkaa Barazani

Marahaba fundi. Hayo uliyoyaona bila vitabu ndiyo kiini cha mambo yenyewe, nami nitayajibu kwa mpangilio wangu si wako.

Kuhusu mwiba umesema kweli. Mwiba wa nyuki wa asali una vijino vikubwa vinavyonasa katika ngozi, na wa nyigu hawa kwa kawaida hauna vya kunasa kiasi hicho. Kuhusu kikonyo, ule mng'ao ni dawa: jike ana tezi upande wa chini wa tumbo, naye huusugua ute wake kwenye kikonyo, na sisimizi huukimbia. Jambo hili limechunguzwa kwa nyigu wa aina hii huku Afrika na kule Amerika. Hata umbo la kiota linafuata hofu hiyo hiyo, kwani kiota kisicho na ukuta, kilichojaa mabuu laini, kinahitaji mlango mmoja mwembamba ambao jike mmoja anaweza kuulinda kwa kuupaka ute anapotoka kwenda kuwinda.

Sasa malkia. Warefu wale wa upenuni kwangu ni wa jenasi Belonogaster, iliyopewa jina na Henri de Saussure mwaka 1854, ambayo makao yake makuu ni Afrika. Kwa umbo, malkia na vibarua, yaani majike wanaofanya kazi bila kutaga, hawatofautiani kwa macho. Majike wanaoanzisha kiota wanaweza kuwa wote na uwezo wa kupandwa na kutaga, lakini mmoja huwashinda wenzake kwa kuwasukuma, kuwauma na kuwapanda vichwani, na aliyeshindwa hugeuka mwindaji na mlezi. Kusukumana ulikokuona, fundi, ndiko kumchagua malkia kwenyewe. Mtaliano Leo Pardi aliueleza utaratibu huu katika miaka ya 1940 kwa jamaa zao wa jenasi Polistes: kila jike ana daraja lake, mwenye daraja la juu hutaga, na akikuta yai la mwenziwe hulila.

Kuna moja la kustaajabisha ambalo siwezi kulipita. Mwaka 2002, Elizabeth Tibbetts alionyesha kwamba nyigu wa spishi ya Polistes fuscatus, wa Amerika ya Kaskazini, hutambuana kwa alama za uso. Aliwapaka rangi usoni baadhi yao, nao waliporudi kiotani wakapokewa kwa ugomvi mpaka wenzao wakazoea sura mpya. Katika kiota cha majike wachache, kumkumbuka aliyekushinda jana kunapunguza mapigano ya leo.

#5 Nahodha Mstaafu (Likoni)

Nashukuru kwa uzi huu. Nyumbani kwetu wote tuliwaita dondora, wa udongo na wa karatasi bila ubaguzi, na mama alitukataza kuwatupia mawe. Ninalo swali la jiografia. Katika nchi za Ulaya nilizofika kwa meli niliona nyigu mfupi mnene, wa manjano na weusi, aliyeishi na wenzake kwa mamia ndani ya mpira mkubwa wa karatasi, na alikuwa akija mpaka kwenye sahani ya chakula. Hapa kwetu sijaona mpira kama huo hata siku moja. Je, hatuna, au wamejificha?

#6 Mkaa Barazani

Nahodha, hatuna. Huyo ni wa nusufamilia ya Vespinae, ambamo malkia ni mkubwa waziwazi kuliko vibarua, kiota hufunikwa kwa ganda la karatasi, na masega hupangwa moja chini ya jingine kama orofa. Kitovu chao ni Asia. Mmoja wao, Vespa orientalis, hufika Misri, lakini huku kwetu na kusini zaidi hakuna Vespinae wa asili. Waliofika huku wamekuja kama wewe, kwa vyombo vya watu: Vespula germanica ilionekana Afrika Kusini, upande wa Cape, mwaka 1974, na Polistes dominula, ambaye si Vespinae lakini ni mgeni vilevile, akagunduliwa huko mwaka 2008.

Swali lako linatufungulia mlango wa uainishaji. Carl Linnaeus mwaka 1758 aliwaweka nyigu hawa katika jenasi moja, Vespa, akatosheka. Pierre Latreille mwaka 1802 akaifanya kuwa familia na kuitenga jenasi Polistes. Baada yake kila mtaalamu alikuja na sanduku lake, na ilipofika mwaka 1962 Owen Richards wa Uingereza alikuwa akitambua familia tatu kamili: moja ya wala chavua, moja ya wajenzi wapweke wa udongo, na moja ya wanaoishi kijamii. Ukiupima mpangilio huo kwa maisha ya wadudu, unapendeza sana. Wapweke huku, wenye jamii kule, kila mtu na nyumba yake.

Tatizo ni kwamba maisha si nasaba. Mwaka 1982, James Carpenter alizichambua upya alama za miili yao kwa kanuni moja kali, kwamba kundi halali ni lile tu linalowakusanya wazao wote wa mzazi mmoja bila kumwacha nje hata mmoja. Akazirudisha zile familia tatu kuwa familia moja, Vespidae, yenye nusufamilia sita. Tatu kati ya hizo zina jamii. Ya kwanza ni Polistinae, ya hawa wa karatasi wa upenuni. Ya pili ni Vespinae, ya mpira wa Nahodha. Ya tatu ni Stenogastrinae, nyigu wembamba wa misitu kuanzia India hadi New Guinea, wenye tabia ya kuelea hewani mahali pamoja, ambao viota vyao huwa na majike wachache sana. Kwa hesabu ya Carpenter, hizo tatu zilikuwa tawi moja. Maana yake ni kwamba jamii ilizuka mara moja tu katika familia nzima, na wale wa Asia wanaoelea, kwa kuwa jamii zao ni ndogo, walichukuliwa kuwa picha ya mwanzo wa safari: ukitaka kujua bibi wa Belonogaster aliishije, nenda kawatazame.

Kisha vikaja vinasaba. Tangu mwaka 1998 kulikuwa na dalili kwamba wale wanaoelea si wa tawi hilo. Mwaka 2007, Heather Hines na wenzake walitumia vipande vya jeni nne wakapata kwamba Stenogastrinae wamejitenga mbali, na kwamba wajenzi wapweke wa udongo wako karibu zaidi na Polistinae na Vespinae kuliko hao wanaoelea. Carpenter hakukubali. Mwaka 2010, yeye na Kurt Pickett waliunganisha alama za mwili, tabia na vinasaba pamoja, wakatetea kuzuka mara moja. Napenda kusema wazi kwamba huo haukuwa ukaidi wa mzee. Alama za mwili ni ushahidi halali, na jeni nne ni chache. Lakini mwaka 2018, Patrick Piekarski na wenzake walilinganisha sehemu 378 za vinasaba katika spishi 136 za Vespidae, na mti uliotoka humo uliwaweka tena wanaoelea mbali na wenzao. Kwa maoni yangu, baada ya hapo mzigo wa kuthibitisha umewahamia wanaosema mara moja.

#7 Mwanafunzi wa Tudor

Mwalimu wangu, kama nimeelewa, hata likitoka jibu la mara mbili, sababu itabaki ile ile. Tulifundishwa kwamba katika oda hii dume hutoka katika yai lisilorutubishwa, jambo ambalo Jan Dzierzon alilieleza kwa nyuki mwaka 1845. Dume basi ana seti moja tu ya kromosomu, na mabinti zake wote hupokea kwake urithi ule ule mzima. William Hamilton mwaka 1964 akafanya hesabu: dada wa baba na mama mmoja hushirikiana robo tatu ya jeni, ilhali mama na binti hushirikiana nusu. Jike anayemlea dada yake anapata zaidi kuliko anayemlea binti yake. Je, hilo halitoshi kueleza kwa nini nyigu, nyuki na siafu wamekimbilia jamii, na sisi wengine hatukukimbilia?

#8 Mkaa Barazani

Hesabu yako ni sahihi, dada, na kwa muda mrefu iliwatosha watu wengi. Lakini endelea nayo hatua moja mbele. Kibarua halei dada peke yao. Kaka yake hana baba, kwa hiyo anashirikiana naye robo tu. Akilea dada na kaka kwa idadi sawa, wastani wa robo tatu na robo ni nusu, yaani kile kile ambacho angepata kwa watoto wake mwenyewe. Isitoshe, mchwa wanaishi kijamii kuliko nyigu yeyote, na dume wao ana seti mbili kama wewe na mimi, wakati maelfu ya spishi za nyigu zina hayo madume ya seti moja na bado zinaishi kipweke. Kilichobaki imara katika kazi ya Hamilton ni kanuni pana, kwamba kumsaidia ndugu kunalipa kukiwa na undugu wa kutosha ukilinganisha gharama na faida. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2008 kuhusu nyuki, nyigu na siafu uliongeza kwamba katika koo zilizoingia kwenye jamii kamili, jike wa mwanzo alikuwa akipandwa na dume mmoja tu. Hapo mdogo wako ana thamani ya mtoto wako, na kitu chochote kidogo kikiongezwa upande wa kusaidia, mizani inainama.

Kitu hicho kidogo ni nini? Hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Raghavendra Gadagkar, aliyetumia miaka mingi Bengaluru akimchunguza Ropalidia marginata, alilitazama suala hili kwa jicho la mauti. Buu wa nyigu huchukua majuma kadhaa kukua, na mama anayewinda kila siku anaweza kufa kabla. Akifa akiwa peke yake, kazi yote imepotea, hata kama ilibaki siku moja. Akifa akiwa kiotani na wenzake, mabuu aliowalisha nusu wanamaliziwa na wengine, na sehemu ya jasho lake inabaki duniani. Yule asiyekuwa na uhakika wa kuiona kesho ana sababu ya kufanya kazi mahali ambapo kazi haizikwi pamoja naye.

Mary Jane West-Eberhard, aliyeanza na Polistes na kuchapisha kazi yake kubwa ya kwanza juu yao mwaka 1969, alitazama ndani ya mwili badala ya nje. Nyigu mpweke, alisema, ana vipindi viwili vinavyopokezana: ovari zake zikijaa hujenga na kutaga, zikiwa tupu huwinda na kulisha. Malkia na kibarua wamo tayari ndani ya jike mmoja, kimoja asubuhi na kingine jioni, kama utaniruhusu kutia chumvi. Waweke majike wawili kwenye kiota kimoja, mmoja amzuie mwenziwe asile vizuri wala asitage, na vile vipindi vinagawanyika: huyu amenaswa katika kutaga, yule amenaswa katika kuwinda. Hakuna kiungo kipya kilichohitajika. Nalipenda wazo hili kwa sababu linaeleza kwa nini fundi hamwoni malkia mnene: katika Belonogaster umalkia ni hali, haujawa umbo.

Na kuna chakula. Kiuno chembamba cha nyigu hakipitishi nyama, kwa hiyo jike mzima hunywa nekta na vimiminika tu. Anapomtafuna kiwavi na kumlisha buu, buu naye humrudishia tone la mate lenye virutubisho. Mtu mwenye haraka angeona malezi tu, lakini ukweli ni kwamba mabuu ni jiko la kiota, na jike asiyetaga bado ana sababu ya kukaa karibu na jiko.

#9 Fundi wa Makuti

Hilo la tone nimeliona bila kujua maana yake. Jike huingiza kichwa kwenye kila chumba, hata asipokuwa amebeba kitu. Nilidhani anawahesabu watoto.

#10 Mwanafunzi wa Tudor

Nakubali kuhusu robo. Lakini bado tunahitaji daraja kati ya upweke na jamii. Ikiwa Sceliphron ametolewa kwenye ngazi, na hao wanaoelea wa Asia wametolewa pia, tumebaki na yule wa chungu. Naye hujaza chungu chake, akakiziba, akaenda zake. Atavukaje kutoka hapo mpaka kwenye kiota cha karatasi?

#11 Mkaa Barazani

Umegusa penyewe. Tazama kwanza tofauti iliyojificha kati ya wajenzi wangu wawili wa udongo. Sceliphron huleta buibui aliyepooza, akataga yai juu yake, akaendelea kurundika buibui wengine, akaziba. Mwenye chungu, ambaye ni wa jenasi Delta, hutaga kwanza, yai likaning'inia kwa uzi mwembamba ndani ya chumba kitupu, ndipo anapoanza kuleta viwavi. Jambo hili linaonekana dogo, lakini yai likishatangulia chakula, ni ucheleweshaji tu unaohitajika ili mama akutane na mtoto wake. Akichelewa kujaza, kwa mvua au kwa uhaba wa viwavi, buu ataanguliwa chumba kikiwa wazi, na mama ataendelea kuleta.

Ushahidi wa hilo umetoka katika bara letu hili. Mfaransa Émile Roubaud, aliyechapisha mwaka 1916 utafiti wake juu ya nyigu wapweke na wa kijamii wa Afrika, aliwachunguza kwa karibu Synagris, nyigu wakubwa wa udongo wa jamii hiyo hiyo ya wapweke. Aliona kwamba kuna wanaojaza chumba na kuondoka, na kwamba Synagris cornuta humtafuna kiwavi akamfanya uji na kumlisha buu siku kwa siku, karibu sawa na Belonogaster, isipokuwa yuko peke yake. Roubaud alizipanga hatua hizi kama njia ya kuelekea kwenye jamii, na Mmarekani Howard Evans akaziendeleza kwa undani mwaka 1958.

Sasa, tahadhari ile ile niliyompa mpwa wangu. Synagris si mama yake Belonogaster. Ni binamu wa leo, mwenye historia ndefu sawa na yake, aliyebaki na tabia inayotuonyesha kwamba hatua kama hiyo inawezekana. Katika mti wa mwaka 2018, ndugu wa karibu kabisa wa Polistinae na Vespinae wakiwa pamoja ni Zethinae, kundi ambalo zamani lilikuwa limechanganywa na wajenzi wengine wapweke. Miongoni mwao wapo wanaojenga kwa majani yaliyotafunwa badala ya udongo, na jambo hilo linanifanya nione kwamba karatasi huenda ilitokana na mkono uliokwisha kuzoea mimea, si na mfinyanzi aliyebadilisha kazi. Vilevile kazi hiyo ya 2018 iliitilia shaka ile ngazi iliyosomeshwa kwa miongo mingi, kwamba lazima kwanza majike wakae pamoja bila vyeo, kisha vije vyeo vya tabia, kisha vya chakula cha utotoni, kisha vya umbo. Ukiwatoa wanaoelea kwenye msingi wa mti, kidato cha kwanza cha ngazi hiyo kinakosa pa kuegemea.

#12 Nahodha Mstaafu

Basi tupe jibu la baharia: mara moja au mara mbili?

#13 Mkaa Barazani

Ndani ya familia ya Vespidae, mara mbili: Stenogastrinae kwao, Polistinae na Vespinae kwao. Ukitoka nje ya familia hiyo hesabu inapanda, kwa sababu siafu na sisimizi waliingia kwa mlango wao, nyuki zaidi ya mara moja, na hata katika tawi la Sceliphron na nyuki yumo nyigu mdogo wa Amerika ya Kati, Microstigmus comes, ambaye Robert Matthews alimtangaza mwaka 1968 kuwa anaishi kijamii. Kuhusu muda, Polistinae na Vespinae walikwisha kutengana zamani sana, maana katika miamba ya Florissant kule Colorado, yenye umri wa miaka kama milioni 34, kuna Vespinae waliokwisha kuwa na sura yao.

Na kabla sijaondoka, habari za upenuni. Juzi asubuhi tulikuta majike watano tu kwenye kiota. Mmoja wa waliokosekana yuko boriti ya pili, ameshika kikonyo kipya chenye chumba kimoja, na alikuwa akizunguka akikisugua kwa tumbo, taratibu, kama fundi alivyoeleza. Mpwa wangu akauliza kama huyo ni malkia au ni kibarua aliyetoroka. Nilimwambia aniulize tena mwezi ujao, atakapokuja mwingine kumsukuma, au asipokuja mtu.